Kiti cha Bi Pimbi

Zamani sana, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba, na mashamba, na majirani wa kugombana nao, palikuwa na kilima kinaitwa Mserereko. Juu yake yalijaa mawe, chini yake lilipita korongo la mchanga, na ng'ambo ya korongo kulikuwa na kipandio kifupi kinachoishia kwenye chemchemi. Chemchemi yenyewe ilikuwa moja tu.

Kila mwaka, mvua zikikatika, wanyama walishindana kwa vigari. Kigari ni ubao, magurudumu manne yaliyokatwa kwenye gogo, na kamba ya kukatia kona. Unapanda nacho juu, unakaa, unaachia. Mteremko unakukimbiza, na ukifika korongoni, ile kasi uliyoshuka nayo ndiyo inayokupandisha kipandio. Kasi ikikuishia katikati, unarudi kinyumenyume taratibu, mbele ya kila anayekufahamu.

Aliyeshinda, nyumba yake nzima ilikunywa kwanza kiangazi chote, asubuhi maji yakiwa bado safi. Wengine walifuata kwa ukubwa. Wadogo walikunywa mwisho, wakati maji yamekwisha kukanyagwa na kwato mia mbili na kuwa uji wa matope.

Kwa miaka sita mfululizo mshindi alikuwa Bwana Nyati.

Mashindano yalikuwa na sheria, tena nzuri kabisa. Usimgonge mwenzako. Usiguse ardhi kwa mguu tangu unapoachia hadi unapovuka mstari. Na dereva na kigari chake wasipungue uzito wa mawe kumi makubwa. Hii ya uzito aliitunga Bwana Nyati mwenyewe, ambaye hata akiwa na njaa ya wiki mbili hakuwa na sababu ya kuiogopa. Wadogo ilibidi wabebe mawe.

Mwamuzi alikuwa Yangeyange, ndege mweupe, msafi, mwenye shingo ya kiungwana. Sheria zote alizijua kichwani. Alipata kifungua kinywa, chakula cha mchana na cha jioni mgongoni kwa Bwana Nyati, kwa kuwa huko ndiko kupe walikonenepa. Hakuna aliyesema lolote juu ya hilo. Mwamuzi naye lazima ale.

Sasa, juu kwenye mawe aliishi Bi Pimbi na mama yake mzee. Pimbi mnamjua: mnene kidogo, mfupi sana, hana mkia, na ukimtazama haraka unadhani ni jiwe lenye macho. Kiangazi kilichopita mama yake alikunywa yale matope, na tumbo likamsokota siku tisa. Bi Pimbi alikaa naye siku zote hizo, akimshika kichwa, akimtemea maji ya mizizi mdomoni. Mama alipona, lakini tangu hapo hakuweza kupanda jiwe bila kushikwa mkono. Bi Pimbi hakuhitaji kuambiwa kwamba kiangazi kingine cha namna ile kingemmaliza.

Kwenye mashindano ya mwaka ule alikuwa ameshika nafasi ya pili. Alikuwa nyuma tu ya Bwana Nyati kwenye kipandio, na aliona jambo lililomkaa rohoni. Kigari chake kilikuwa kinapoteza kasi, kama vigari vyote vinavyofanya mlimani. Cha Bwana Nyati kilikuwa kinaongeza.

Watu walipotawanyika alirudi kukagua njia. Mchangani palikuwa na mistari miwili ya magurudumu. Na katikati ya ile mistari, kuanzia korongoni mpaka mwisho, palikuwa na alama za ukwato mmoja, moja baada ya nyingine, zimechimba vizuri.

Akamfuata mwamuzi. Ilibidi ainue shingo, kwa sababu mwamuzi alikuwa mezani, yaani mgongoni, na mwenye mgongo alikuwa anacheua.

"Mheshimiwa," alisema, "kati ya alama za magurudumu kuna alama za ukwato."

Yangeyange alimeza kwanza. "Malalamiko hupokelewa kabla vumbi halijatulia. Vumbi limetulia."

"Na mwakani nikija mapema?"

"Yatapokelewa, ukija na shahidi. Shahidi awe na pembe."

"Kwa nini pembe?"

"Ili tujue ni mtu mzima."

Bwana Nyati aliendelea kucheua. Hakugeuza hata sikio.

Jirani yake Bi Pimbi, Nguchiro, alipozisikia habari hizi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaja na wazo. Alikuwa na chungu cha mafuta mazito. Alimweleza kwamba kazi ni ndogo: siku ya mashindano wayamwage kwenye kipandio, upande anaopita Nyati, wakae pembeni watazame. Bi Pimbi aliposita, Nguchiro akamwambia kwamba mwenzake anaiba, naye aibe, ndivyo mchezo unavyochezwa siku hizi.

Msidhani Bi Pimbi alikataa palepale. Alilifikiria siku mbili. Siku ya tatu alikibeba chungu mpaka kwenye kipandio, akasimama nacho, akapima kwa macho mahali pa kumwaga. Halafu akawaza. Nyati akikanyaga ardhi, vumbi hutulia upesi. Yeye akimwaga tone moja, vumbi halitatulia mwaka mzima, na sheria zote zilizolala zitaamka siku hiyohiyo. Tena alitaka maji ambayo hakuna mtu angekuja kumnyang'anya mama yake mdomoni.

Akarudi na chungu nyumbani, akapaka mafuta yale kwenye ekseli za kigari chake mwenyewe. Sheria haikukataza mtu kulainisha magurudumu yake.

Kisha akaunda kigari upya. Mawe ya uzito aliyafunga nje, waziwazi, kila mtu ahesabu. Katikati akaweka sanduku la mbao lenye kifuniko, akalikaza kwa ukanda wa ngozi. Kila asubuhi alishuka Mserereko, krrrr, akapanda tena mguu kwa mguu akisukuma kigari chenye mawe yake. Alijifunza kuingia kwenye kona kwa upana na kutoka kwa wembamba. Alijifunza mahali pa kuinama na mahali pa kunyooka. Akianguka, alijikung'uta na kupanda tena. Baada ya mwezi mmoja akawa anashuka kwa kasi ambayo hata mijusi walitoka kwenye mapango kuitazama.

Habari zikamfikia Bwana Nyati. Akamtuma fundi wake, Nyani, akachungulie.

Nyani alizunguka kigari mara tatu. Macho yake yakatua kwenye sanduku.

"Humo ndani mna nini, Bi Pimbi?"

"Hamna kitu," alisema Bi Pimbi. "Ni kiti. Mimi mfupi, bila hicho sioni mbele."

Ilikuwa kweli tupu. Ila kabla ya kujibu alitazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti. Na alipomaliza akalifunika sanduku kwa leso, akakaa juu yake.

Kufika jioni bonde zima lilijua kilichomo. Wengine walisema ni nyuki elfu moja waliofundishwa kusukuma. Wengine walisema ni upepo wa masika, umefungiwa na mganga wa mbali. Fisi aliapa kwamba ameusikia ukipiga chafya. Kila aliyekwenda kumwuliza Bi Pimbi aliambiwa neno lilelile, kwamba ni kiti, na kila mmoja aliondoka akitikisa kichwa jinsi mama huyu alivyo mwongo.

Bwana Nyati akakosa hamu ya majani. Zikiwa zimebaki siku tano akaitisha baraza, akasimama katikati na mwamuzi juu yake, akasema mchezo umeingiliwa na hila. Yeye, alisema, ni mpenda haki. Kwa hiyo alitaka sheria mpya: vigari vipinduliwe mbele ya watu mara baada ya kuvuka mstari, na atakayekutwa na kitu cha hila chini au ndani ya kigari chake afukuzwe mashindanoni na kwenye maji ya kwanza.

Wote wakamgeukia Bi Pimbi. Naye alikuwa amejikunja, amekuwa mdogo kuliko kawaida yake, ambayo tayari ilikuwa ndogo.

"Si vigari vyote, lakini?" aliuliza kwa unyonge. "Wengine watasumbuka bure."

"Kila kigari," alisema Bwana Nyati.

"Palepale mstarini? Mtu hataruhusiwa kwenda nyumbani kwanza, akajipangusa?"

"Palepale. Hakuna kwenda hata kukojoa."

Watu wakacheka. Bi Pimbi akafuta jasho.

"Basi adhabu iwe ya kiangazi kimoja tu, tafadhali. Mtu anaweza kuteleza."

"Saba," alisema Bwana Nyati. "Viangazi saba. Andika, mwamuzi."

Yangeyange akashuka hadi kwenye kipande cha gome la mti, akaandika yote kwa mdomo wake, ko ko ko, pamoja na ile saba. Baraza likavunjika. Nyani akamsogelea Bwana Nyati, akamnong'oneza kitu sikioni kwa wasiwasi, na Bi Pimbi, aliyekuwa anapita karibu, alisikia jibu lake, kwa kuwa Bwana Nyati hakuwahi kujua kunong'ona: "Nani wa kunipindua mimi?"

Bi Pimbi akaenda zake. Usidhani hakuwa na hofu. Usiku wake haukuwa na usingizi mzuri. Alijua kwamba kupata ushahidi ni jambo moja, na kupata watu wa kuutazama ushahidi ni jambo jingine.

Siku ikafika. Vigari vitano vikapangwa juu: cha Bwana Nyati, cha Ngiri, cha Swala, cha Fisi na cha Bi Pimbi. Wakapimwa uzito. Bi Pimbi alipita kwa kokoto moja. Yangeyange akainua bawa, akalishusha.

Wakaachia.

Fisi aliishia kichakani kwenye kona ya kwanza, akasema ndivyo alivyokusudia. Swala alikuwa mwepesi wa akili na miguu, lakini miguu haikuruhusiwa, na akili peke yake ilimpeleka hadi kona ya pili tu. Ngiri alishika nafasi nzuri. Bwana Nyati alikwenda mbele kama mwamba ulioporomoka, na kila aliyekuwa kando ya njia alisogea.

Bi Pimbi aliingia kona ya tatu kwa upana, akainama mpaka shavu likakaribia gurudumu, akatoka kwa wembamba. Alipoinua kichwa, mbele yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na njia tu. Siku ya mashindano hakuwahi kuiona njia ile ikiwa tupu. Akaingia korongoni akiwa mbele ya Bwana Nyati kwa urefu wa vigari vitatu, na kwa nukta chache alisahau kila alichopanga. Alitaka kushinda tu.

Ndipo kipandio kilipoanza, na mawe yakaanza kumvuta kwa nyuma. Taratibu, taratibu. Akasikia sauti ikija: krrrr ya magurudumu, na chini yake sauti nyingine, tup, tup, tup. Bwana Nyati alimpita akitazama mbele kwa heshima kubwa, uso wake umetulia kama wa mtu anayesali. Tup, tup, tup. Hakuwahi kusukuma kwa haraka namna ile. Mstarini palikuwa na gogo dogo. Kigari chake kikaliruka kwa kishindo, kitu kikalia kwa chini, na Bwana Nyati akakunja uso kidogo. Alikuwa wa kwanza. Bi Pimbi alivuka wa pili, nyuma yake kwa urefu wa pua.

Hata hajashuka, Bwana Nyati alikwisha kuita kutoka ndani ya kigari chake kwamba sheria ifuatwe, tena waanze na yule mwenye sanduku.

Nyani akakata ukanda. Watu wakarudi nyuma, waliokuwa wanaogopa nyuki wakajifunika masikio. Kifuniko kikafunguliwa. Ndani mlikuwa na vumbi, na buibui mmoja aliyekasirika. Nyani akaligonga sanduku huku na huku, akalinusa, akaingiza kichwa chote, akatoa kichwa chote.

"Ni kiti," alisema Bi Pimbi.

Wakapindua kigari chake kizima: ubao, mafuta, mawe yaliyohesabiwa. Wakapindua cha Ngiri, na cha Swala kilichokokotwa kutoka kona ya pili. Kwenye cha Fisi, kilicholetwa kutoka kichakani, walikuta mfupa uliofungwa kwa chini, na baada ya mashauriano mwamuzi akauandika kuwa ni chakula.

Kisha Yangeyange akakunja gome lake na kuanza kumtangaza mshindi.

Bi Pimbi akainua mkono. Akasema kwa adabu kwamba yeye hana malalamiko wala shahidi wala pembe. Angependa tu, kwa kuwa ni sheria mpya na masikio yake ni madogo, isomwe tena mbele ya watu.

Mwamuzi hakuwa na njia. Akasoma. Alipofika kwenye yale maneno mawili, sauti ikampungua, lakini watu walikuwa wamenyamaza sana, wakayasikia. Kila kigari.

Yangeyange akamtazama Bwana Nyati. Bwana Nyati akautazama upeo wa mbingu. Akasema amechoka, mguu umekufa ganzi, atakaa kidogo. Akasema tena kwamba kigari hakiwezi kupinduliwa na mtu akiwa ndani.

"Bwana mkubwa asisumbuke kushuka," alisema Bi Pimbi. "Sheria haisemi ashuke. Inasema kipinduliwe."

Hakuna aliyesogea. Huo ndio wakati aliouogopa siku zote tano. Alijua mikono yake miwili haitoshi, na hakuna sheria inayoweza kumlazimisha mtu kuwa jasiri. Akaenda peke yake, akaweka bega kwenye ubao wa kigari, akasukuma. Kigari hakikutikisika. Bwana Nyati akacheka puani.

Ngiri ndiye aliyetoka wa kwanza. Alikuwa wa tatu kwa miaka sita, na kila mwaka alirudi nyumbani akijilaumu. Akaingiza pembe zake za mdomoni chini ya ubao. Swala akafuata. Nguchiro akaja, na pimbi wote wa mawe ya juu, na kima, na sungura, na nungunungu ambaye waliomba asimame mwisho. Waliokunywa matope miaka sita walikuwa wengi kuliko walivyojijua.

Mara ya kwanza kigari kiliinuka kidogo, kikarudi. Mara ya pili kikasimama kwa ubavu. Yangeyange akaruka juu. Mara ya tatu, puuu, vumbi likafunika chemchemi.

Lilipotulia, Bwana Nyati alikuwa chali, na kigari kimemlalia tumboni. Miguu yake mitatu ilikuwa ndani ya kigari. Wa nne ulikuwa nje, umetokeza kwenye tundu lililokatwa vizuri katikati ya ubao, umenasa hapo kama mchi uliotoboa kinu. Ukwato ulikuwa umejaa mchanga wa kipandio.

Watu walitazama mguu. Mguu ukajikunyata, lakini haukuwa na pa kwenda.

"Ni dirisha," alisema Bwana Nyati kutoka chini. "La hewa."

"Na mguu?" aliuliza Ngiri.

"Ulikuwa unapunga hewa."

Hapo ndipo kicheko kilipoanza, na kwa mara ya kwanza tangu augue, mama yake Bi Pimbi, aliyekuwa ameshikwa mkono pembeni, alicheka mpaka akalazimika kukalishwa.

Yangeyange alitua chini, kwa sababu mgongo haukuwepo tena. Ardhini alionekana mfupi kuliko watu walivyodhani. Akafungua gome, akatangaza viangazi saba, akampa Bi Pimbi ushindi, kisha akaongeza kwamba yeye binafsi alikuwa na shaka siku nyingi. Bwana Nyati akalia kwamba saba ni vingi mno, kwamba mtu anaweza kuteleza, kwamba hata Bi Pimbi mwenyewe aliomba kimoja.

"Niliomba kimoja," alisema Bi Pimbi. "Wewe ndiye uliyenikatalia."

Nyani akaletwa pamoja na msumeno amtoe mguu. Alichukua muda mrefu, kwa sababu kila akikata kidogo alitazama watu na kueleza kwamba yeye aliagizwa tu. Jioni ile mwamuzi alionekana mgongoni kwa Kifaru, akila kwa heshima zote, akimweleza umuhimu wa sheria.

Asubuhi iliyofuata Bi Pimbi alimshika mama yake mkono, wakashuka jiwe kwa jiwe hadi kwenye chemchemi. Hakuna aliyekuwa ametangulia. Mama mzee akainama anywe, akasita, akarudi nyuma, akauliza kwa sauti ya chini yule bibi kizee aliyemo majini ni nani. Kwa miaka sita hakuwa amepata maji yanayoonyesha uso.

"Ni wewe, mama," alisema Bi Pimbi. "Kunywa."

Hapo ndipo nilipowaacha, wanangu, wakinywa. Na funzo lake ni hili: ukitunga sheria ya kumnasa mwenzako, hakikisha kwanza kwamba wewe mwenyewe unaweza kuifuata.